Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Maktaba za Umma Nairobi: Simu Haitoshi

Kwa waheshimiwa viongozi na maafisa mliokabidhiwa maktaba za umma jijini Nairobi,

MINTARAFU: KUDHOOFISHWA KWA MAKTABA YA MTAA WETU KWA KISINGIZIO CHA INTANETI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mzazi na fundi cherehani katika mtaa mmoja wa Eastlands, na nimekuwa msomaji wa maktaba ya umma tangu nikiwa shule ya msingi. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya kimyakimya imeshindikana. Sisi wazazi na wanafunzi tuliandika barua, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, kisha hatukusikia lolote. Tulipofuatilia, ofisi moja ilituambia kwamba hilo ni la kaunti, nyingine ikatuambia ni la serikali kuu. Sanduku la maoni lililo mlangoni lina kufuli, na hakuna mhudumu anayejua ufunguo wake uko wapi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi yake kwa mamlaka za umma. Naitumia haki hiyo hapa.

Sitalitaja jina la maktaba yenyewe wala la afisa yeyote. Sina nia ya kumharibia mtu kazi. Wahudumu wa pale tunawafahamu, tunawapenda, na wengi wao wanajitolea kuliko malipo wanayopata. Uamuzi unaotuumiza unatoka juu yao.

Kila tunapouliza, jibu ni lile lile: siku hizi kila mtu ana simu, kila kitu kiko mtandaoni, maktaba imepitwa na wakati. Kwa maneno hayo saa za kufunguliwa zimepunguzwa na vitabu vipya havinunuliwi, na sasa tunasikia kwamba ukumbi wa kusomea utagawanywa ili nusu yake iwe ofisi. Mimi naamini kinyume kabisa. Intaneti imeiongezea maktaba kazi, na mtaa kama wetu unaihitaji leo kuliko ulivyoihitaji nilipokuwa mtoto. Malalamishi yetu ni haya.

1. Mnatuondolea mahali pa kusomea. Familia nyingi za Mathare, Kayole, Dandora, Mukuru na Pipeline zinaishi katika chumba kimoja. Hapo ndipo jikoni, ndipo sebuleni, ndipo chumbani. Jioni mwanafunzi wa sekondari akifungua daftari, mdogo wake analia, redio ya jirani inapenya ukutani, na tokeni za stima zikiisha basi kusoma kumekwisha. Simu haimpi mtoto huyo meza, wala haimpi utulivu.

Njooni Jumamosi asubuhi kabla lango halijafunguliwa. Mtakuta wanafunzi wamejipanga kando ya ukuta, mikoba mgongoni, kila mmoja akitaka kuwahi viti vya dirishani, kwa sababu taa za katikati ya ukumbi ziliungua na hazijabadilishwa. Wanaochelewa huketi kwenye ngazi na kuandikia mapajani. Kati yao wamo vijana waliomaliza chuo na wanatafuta kazi, wamo akina mama wanaosomea vyeti vya uuguzi, na yuko mzee mmoja ambaye huja kusoma gazeti tu, kisha analikunja vizuri na kumpa anayefuata. Nairobi, mahali pa kuketi ni pa kulipia. Ukiingia mkahawani lazima uagize chai, na ukikaa sana barazani kwa duka kubwa, bawabu atakuja kukuuliza unamngoja nani. Maktaba ya umma ndiyo nyumba pekee mjini ambamo mtu, kwa ada ndogo au bila ada yoyote, anaruhusiwa kushinda mchana kutwa akisoma na kufikiri, pasipo kuulizwa atanunua nini.

2. Intaneti mnayotuelekeza ni ya kununua. Tunashukuru kwamba nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na tumeona zilivyobadilisha nchi hii. Lakini mtoto hasomi kwa waya uliofika pwani. Anasoma kwa bando, na bando huisha. Simu yenyewe mara nyingi ni ya mama, na mama huondoka nayo alfajiri kwenda kazini.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha maadili mema kwa anayetafuta kazi: yote ni mtandaoni. Ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, ni mtandaoni, mkopo wa wanafunzi wa HELB ni mtandaoni, nafasi za vyuo kupitia KUCCPS ni mtandaoni. Basi asiye na kompyuta aende wapi? Anaenda saiba, yaani duka la intaneti, analipia kila dakika na kila karatasi, na akishindwa kujaza fomu anamtajia mtu asiyemjua nambari yake ya kitambulisho pamoja na nywila. Nimewaona wakifanya hivyo, watu wazima wenye heshima zao, wakinong'ona siri zao mbele ya foleni.

Serikali iliyohamishia dirisha lake la huduma mtandaoni ina wajibu wa kumpa raia njia ya kulifikia dirisha hilo. Njia hiyo ingekuwa maktaba. Katika maktaba yetu kompyuta zipo, zimefunikwa kwa shuka. Soketi mbili zimezibwa kwa utepe. Na pale kwenye nguzo kuna karatasi iliyoandikwa "Wi-Fi haipatikani kwa muda", karatasi ambayo sasa imegeuka rangi ya manjano.

3. Mnamwacha mtoto peke yake na majibu asiyoweza kuyapima. Hili ndilo linaloninyima usingizi kama mzazi. Chini ya mtaala wa umilisi (CBC), watoto wetu wanapewa miradi ya utafiti tangu wakiwa wadogo. Binti wa jirani yangu aliambiwa aandike kuhusu maji ya jiji anamoishi. Akaandika swali kwenye simu, akapata ukurasa mzuri wenye picha, akanakili kila kitu: mito, mabwawa, idadi ya watu. Ulikuwa ukurasa wa mji mwingine katika nchi nyingine kabisa. Jina la mto lilikuwa geni kwake, lakini alidhani ni yeye tu asiyelijua.

Mkutubi aliliona daftari lile, akaketi naye. Hakumkemea. Alimuuliza: ukifungua mfereji kwenu, maji hayo yametoka wapi? Akateremsha ramani ya Kenya, wakatafuta pamoja milima ya Aberdare, wakafuata mito inayoshuka kuelekea Murang'a, wakafika bwawa la Ndakaini, ambako sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka. Kisha akamwonyesha jinsi ya kulitafuta jina hilo mtandaoni, na jinsi ya kutazama ni nani aliyeandika habari na ameiandika lini. Nusu saa hivi. Binti yule leo akisoma jambo kwenye simu, swali lake la kwanza ni: nani amesema?

Hiyo ndiyo kazi ya mkutubi katika zama hizi, na hakuna simu inayoifanya. Sasa kuna programu za akili unde zinazojibu swali lolote kwa ufasaha na kwa uhakika mkubwa, hata pale zinapokosea. Kuna video za matibabu ya uongo, kuna matangazo ya kazi za nje ambazo hazipo. Kumpa kijana simu na kumwambia ajifunze mwenyewe ni kama kumpa mtu jora la kitambaa bila makasi wala futi. Badala ya kuongeza wakutubi waliosomea kazi hiyo, waliostaafu katika maktaba yetu hawakujaziwa nafasi zao, na aliyebaki anatumwa pia kukata risiti na kulinda mlango.

4. Vitabu vimezeeka. Atlasi iliyo kwenye rafu yetu haina Sudan Kusini, nchi iliyojipatia uhuru mwaka 2011. Kitabu cha uraia kinawafundisha watoto kwamba Kenya ina mikoa 8, ilhali Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47. Mwanafunzi anayekisoma kitabu hicho kwa bidii ataanguka mtihani kwa sababu ya bidii yake.

Tunaambiwa wazazi wanunue. Kwa pesa gani? Tangu sheria ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mwaka 2013, vitabu navyo vilianza kutozwa asilimia 16. Mzazi mwenye watoto watatu, akishalipa kodi ya nyumba, chakula na nauli, hukimbilia vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini, na hapo hupata kile kilichopo, hata kama sicho alichotaka.

Na wanaosema kila kitu kiko mtandaoni, naomba watafute kwa Kiswahili. Riwaya na tamthilia nyingi za Kiswahili zilizochapishwa miaka ya 1970 na 1980 hazimo kwenye intaneti. Ukizikosa rafuni, umezikosa. Magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa jalada, kumbukumbu za mitaa yetu, vitabu vidogo vya lugha zetu: sehemu kubwa ya hayo ingali karatasi, na karatasi ikiachwa chini ya paa linalovuja haidumu. Mimi nilijifunza kukata gauni kutoka kitabu cha ushonaji nilichoazima maktaba hiyo hiyo. Kilikuwa na michoro ya vipimo ambayo niliinakili kwa penseli, na hadi leo naitumia. Nilipokitafuta juzi nimuonyeshe mwanafunzi wangu wa kushona, rafu ilikuwa tupu.

5. Saa za kufungua hazimfai anayefanya kazi. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni imefungwa kabla ya fundi, dereva au mhudumu wa hoteli hajatoka kazini. Jumapili haifunguliwi kabisa.

6. Ukumbi unagawanywa bila kutuuliza. Katiba, katika kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Hatujaitwa kwenye kikao chochote. Tuliona tu watu wawili wakipima sakafu kwa futi, na mhudumu akatunong'onezea kinachopangwa.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayotoa, maana tumeyasikia.

Mtasema hakuna pesa. Tunaelewa kwamba jiji lina mahitaji mengi: taka, barabara, hospitali. Lakini tazameni Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, aya ya 4. Maktaba ni jukumu la kaunti, na zimeandikwa katika aya ile ile inayotaja kamari na leseni za pombe. Mambo hayo matatu yalikabidhiwa mkono mmoja. Vijana wetu wanaipata kamari kwenye simu zao usiku na mchana, na baa ziko kila kona ya mtaa. Kati ya hayo yote, maktaba ndiyo peke yake inayoambiwa isubiri bajeti. Ombi letu katika hili ni mahsusi, na nimeliandika hapo chini.

Mtasema vijana hawasomi tena. Foleni ya Jumamosi inawajibu. Na kama mnataka ushahidi zaidi, nendeni Kaloleni na Makadara. Matawi hayo mawili ya McMillan, maktaba kongwe ya katikati ya jiji, yalikuwa yamechakaa kabisa, hadi Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliposhirikiana na kaunti kuyakarabati. Yalipakwa rangi, yakawekwa samani na vitabu, yakapangiwa shughuli za watoto, na watoto wakaja. Tunawapongeza wote waliohusika. Lakini wananchi wawili wenye moyo hawawezi kuwa sera ya jiji lililohesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019, jiji lenye wadi 85, ambamo wengi wetu lazima tupande matatu kuifikia maktaba iliyo karibu.

Mtasema mtatujengea kituo cha kidijitali badala yake. Kijengeni, tutafurahi, ila kiwe ndani ya maktaba, na vitabu vibaki. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ni mji ambao intaneti imeenea mno, na huko ndiko walikofungua maktaba kubwa mpya, Oodi, mwezi Desemba 2018. Ina vitabu, ina kompyuta, ina vyumba vya kushonea na cherehani za umma. Hawakuona kwamba kimoja kinafukuza kingine. Azimio la maktaba za umma la UNESCO na shirikisho la maktaba la IFLA, lililotolewa upya mwaka 2022, linasema maktaba ya umma kimsingi itolewe bila malipo, na linataja maarifa ya vitabu na ya kidijitali pamoja.

Wala hatuhitaji kwenda Ufini kujifunza. Sheria iliyounda huduma ya maktaba ya taifa ilipitishwa mwaka 1965, nchi ikiwa changa na haina kitu, na kazi ikaanza 1967. Mwaka 1996 huduma hiyo hiyo ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Fikirieni: masanduku ya vitabu yakifungwa juu ya ngamia alfajiri, yakavuka mchanga hadi penye watoto chini ya mti. Walioamua hilo hawakusema wafugaji wamepitwa na wakati. Waliuliza msomaji yuko wapi, wakamfuata.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hulikumbuka kwa uchungu. Jumba la McMillan lililo Barabara ya Banda lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kufagia ngazi zile, asiweze kuketi ndani na kusoma. Milango ilikuja kufunguliwa kwa wote ukoloni ulipokuwa ukingoni. Mtu aliyezuiwa mlangoni kwa rangi yake na mtoto wa leo anayekuta mlango umefungwa kwa kuwa saa za kazi zimepunguzwa, wote wawili wamebaki nje. Tunawasihi msiturudishe nje.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Mpango wa kugawa ukumbi wa kusomea usitishwe hadi wakazi waitwe kwenye kikao cha wazi, mtaani, Jumamosi au Jumapili, ili hata anayefanya kazi aweze kufika.

(b) Maktaba ifunguliwe hadi saa mbili usiku siku za kazi, na ifunguliwe Jumapili alasiri. Miezi ya mitihani, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, saa ziongezwe.

(c) Wi-Fi irejeshwe, kompyuta zifunuliwe na kutengenezwa, na awepo mhudumu wa kuwasaidia wananchi kujaza fomu za serikali kwa usiri.

(d) Nafasi za wakutubi waliostaafu zijazwe na watu waliosomea ukutubi. Ulinzi wa mlango upewe bawabu.

(e) Fungu la vitabu litengwe kila mwaka na litangazwe hadharani, pamoja na orodha ya vilivyonunuliwa. Tunapendekeza sehemu ya ada za leseni za kamari na pombe ielekezwe huko kwa mujibu wa sheria. Sehemu ya fungu hilo iwe ya vitabu vya Kiswahili na vya lugha zetu nyingine.

(f) Mtuambie kwa maandishi ni ofisi ipi hasa inayowajibika kwa maktaba yetu, ili barua zisizunguke tena. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inatupa haki ya kulijua hilo.

Taa za katikati ya ukumbi hazihitaji kikao wala kamati. Hizo tunaomba zibadilishwe wiki hii.

Tunaomba jibu la maandishi katika muda wa siku 30, libandikwe pia kwenye mlango wa maktaba ili kila msomaji alione. Tuko tayari kushiriki. Wapo kati yetu mafundi umeme, waseremala na walimu waliojitolea kutoa siku zao, na mimi nimejitolea kushona mapazia. Muda huo ukipita bila jibu, tutapeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti, likiwa na sahihi za wazazi na wanafunzi ambazo tumeshaanza kuzikusanya pale langoni.

Wenu mwaminifu,

Mzazi na msomaji wa maktaba,
Eastlands, Nairobi

Nakala kwa:
Mwakilishi wadi wetu
Walimu wakuu wa shule za mtaa
Wasomaji wote